Tupeane uzoefu: kolaitisi, Crohn na mbio za chooni (Lamu na visiwa vyake)

Mtoto wa Langoni
Assalaam alaykum. Jana pale Mkunguni boti ya Mokowe imeshajaa, kijana mmoja anambembeleza nahodha amngoje, macho yanatafuta choo. Watu wakaangua kicheko. Mimi lile jasho la shingoni nalijua, nina kolaitisi, yaani utumbo mpana unawaka na kufanya vidonda. Wenzangu wa maradhi haya, pamoja na wale wa Crohn, ndugu yake anayeweza kushika popote kwenye njia ya chakula, njooni tuzungumze. Linalonishangaza: nakimbilia chooni, nakamua, unatoka ute na damu kidogo tu. Sijakaa kitako, naitwa tena. Ni nini hiki?

Bi Shela
"Naitwa tena"! Umesema kweli mwanangu, hivyo hivyo.

Fundi Jahazi
Ni pilipili. Lamu tunakula achari utadhani mboga.

Bi Shela
Achari siigusi tangu utoto wangu, Fundi. Haya, nieleze.

Muuguzi wa Zamu
Pilipili yaweza kulichokoza tumbo, lakini kolaitisi hailetwi nayo. Langoni, misuli ya utumbo mpana hujikaza kwa namna mbili: kuna kukanda na kuzuia, ili maji yafyonzwe taratibu, na kuna kusukuma nje. Kolaitisi ikiwaka, kule kukanda hupungua, kusukuma kunabaki na nguvu zake. Tena puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, hukakamaa, haitanuki kama zamani, hata kitu kidogo kikiingia inajiona imejaa. Ndiyo maana unakamua na hakuna kitu.

Mzee wa Matondoni
Na ndiyo maana mimi nikila tu mahamri na chai, kabla sijafuta mkono niko mbioni?

Muuguzi wa Zamu
Naam mzee. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana wa kila mtu hupata habari. Wako una haraka zaidi.

Mwalimu Mstaafu
Kwangu ni kinyume, na hakuna aliyekuwa akiniamini. Damu naiona, haja yenyewe haiji. Nimejaa, nimevimba, chakula sikitamani, na kila mtu ananiambia "kolaitisi ni kuharisha, wewe una lako jingine." Hata jirani akaniletea mchaichai. Hatimaye daktari wa Mombasa akapiga picha ya tumbo, akanionyesha kwa kidole: huku chini karibu na puru pamewaka moto, huku juu upande wa kulia kinyesi kimerundikana, hakisogei. Akanipa dawa ya kuwekwa kwa chini pamoja na ya kulainisha choo. Nilishukuru zaidi kwa kuaminiwa.

Fundi Jahazi
Habbat sauda na asali, mwalimu. Utakuja kunishukuru.

Dada wa Mkomani
Niacheni niseme la kaka yangu, maana nikisoma "dawa za tumbo" moyo wanienda mbio. Kolaitisi yake ilikuwa imewaka vibaya, na alitaka kusafiri. Akaenda duka la dawa, akaomba ya kufunga tumbo. Akapewa loperamaidi bila kuulizwa hata una nini. Akameza, akaongeza. Choo kikafunga kweli, tukamshukuru Mungu. Kufika isha tumbo limevimba, ukiligonga linalia ngoma. Homa, mapigo mbio, akaanza kumwita marehemu mama. Vichochoro vyetu mnavijua, gari haliingii, na juu ya punda hakai. Vijana wakambeba na kitanda chake mpaka hospitali. Picha ikaonyesha utumbo mpana umetanuka kupita sentimita 6, na misuli imelala, haisukumi chochote. Akawekewa dripu na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, asile kitu. Haikusaidia, wakaukata utumbo. Leo anavua samaki na mfuko wa choo ubavuni.

Bi Shela
Ya Rabbi.

Kijana wa Mokowe
Anaswali vipi na huo mfuko?

Mzee wa Matondoni
Mwenye udhuru hutawadha wakati wa kila faradhi ukishaingia. Limeshasemwa na masheikh.

Kijana wa Mokowe
Nimeuliza tu, mzee.

Mzee wa Matondoni
Umeuliza kwa kejeli.

Dada wa Mkomani
Jamani, anaswali na anawashinda nyote kwa jamaa.

Muuguzi wa Zamu
Tusilipite hilo la dada. Kolaitisi ikiwa kali, dawa za kufunga tumbo hazimezwi kienyeji. Tumbo likivimba na homa, ni hospitali usiku huo huo.

Kijana wa Mokowe
Mimi walinitibu ameba weee, mpaka nikaingizwa kamera.

Muuguzi wa Zamu
Kupima ameba ni sawa, bwana. Dalili zake na za kolaitisi zinafanana, na steroidi juu ya ameba ni balaa.

Mtoto wa Langoni
Kumbe sigara je? Kuna aliyeniambia inatuliza utumbo.

Muuguzi wa Zamu
Mwenye Crohn inamzidishia. Na mapafu hayana kolaitisi, yaacheni.

Fundi Jahazi
Habbat sauda.

Bi Shela
Fundi! Mimi Jumamosi nakwenda Malindi. Basi Garsen linasimama au halisimami?

Mwalimu Mstaafu
Linasimama. Usile kabla ya safari, na kaa kiti cha mlangoni.

Fundi Jahazi
Kula, utaanguka njiani. Halafu ukibanwa piga kelele, dereva atasimama popote.