Hayabusa wangu anakufa kabla hajaua mtu, nakosea wapi?

DogoWaIgogo

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Igogo hapa Mwanza, nacheza Mobile Legends, ule mchezo wa simu wa timu mbili za watu watano, mwaka wa pili sasa. Nilianza na shujaa Layla kama kila mtu, nikahamia kwa Saber, halafu nikang'ang'ana na Hayabusa, asasini (muuaji wa kuvizia), mpaka leo. Nimekwama daraja la Epic. Nikipanda nyota mbili, nashuka tatu.

Vidole sio tatizo. Kwenye chumba cha mazoezi kombo natoa bila kukosea: natupa vivuli, namrukia, shuriken (nyota za kurusha), ulti (skili kubwa kuliko zote), narudi. Mechi ikianza ndio majanga. Jana usiku nimemaliza na kuua 4, kufa 11. Tanki wetu (yule wa mbele wa kupokea kipigo) akaandika maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Na huyo tanki ni rafiki yangu, tumepanga nyumba moja, nilimsikia akisonya upande wa pili wa ukuta kabla hata ujumbe haujafika kwenye simu.

Kinachotokea kila siku ni hiki: namwona MM wao (mpigaji wa mbali) yuko na damu nusu, naruka, napiga ulti, anabaki na damu tone moja, halafu wananikamata nakufa. Kila siku tone. Nimeshabadili vifaa mara tatu kwa kuangalia watu wa YouTube, hakuna tofauti. Je, nihamie kwa Lancelot au Gusion? Au ni simu? Ina RAM ya 3GB na inachemka hadi mama aliuliza kama nimeianika juani.

Naomba kuwasilisha.

NgoshaBuzuruga

Rudi kwa Layla mdogo wangu. Kuna watu wamezaliwa kupiga kwa mbali.

KinyoziMabatini

Dogo, usimsikilize huyo wa Buzuruga, na usihame. Ukihama na tabia hiyohiyo utakufa mara 11 ukiwa na Gusion, tena kwa kazi kubwa zaidi ya vidole, maana yule ana visu vitano vya kurusha na kuvivuta, na ulti yake inamrudishia skili zote aanze upya.

Mimi ni kinyozi, nina kibanda Mabatini, nacheza kati ya mteja na mteja. Daraja la Mythic, juu ya Epic, nimefika. Sijisifu, wapo watoto wa chuo kule Malimbe wananifunga kama nimefumbwa macho. Ila ugonjwa wako naujua kwa sababu niliuugua mwenyewe karibu mwaka mzima.

Soma tena ulichoandika. Kwenye mazoezi umesema vivuli, kuruka, shuriken, ulti, kurudi. Kwenye mechi umesema naruka, napiga ulti. Shuriken imekwenda wapi? Kurudi kumekwenda wapi? Umeviacha kwenye chumba cha mazoezi. Skili za Hayabusa zinaacha alama kwa adui, na ulti inazila zile alama ndipo inauma. Wewe unampiga mtu ulti akiwa hana alama hata moja, unategemea nini? Hapo tayari nusu ya lile tone lako imepatikana.

Nusu ya pili ni hii, na hakuna aliyeniambia, niligundua baada ya kufa sana. Ulti ya Hayabusa inagawanyika kwa maadui walio karibu. Akiwa peke yake, yote ni yake. Akiwa amesimama na tanki na mchawi, ni sato mmoja kwenye sinia la watu watatu, kila mmoja anaonja na hakuna anayeshiba. MM ananusurika na tone, tanki hata hajui kama kapigwa, na wewe ulti ikiisha unajikuta umesimama katikati yao kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kwa hiyo mimi damu ya MM siiangalii kwanza. Naangalia tanki wao ametumia nini. Franco akishatupa ndoano ikapita hewani, una sekunde kadhaa za uhuru. Tigreal akishapiga ile ulti yake ya kuwavuta watu wote sehemu moja, hapo mlango uko wazi, ingia. Kabla ya hapo, hata kama MM ana damu ya kuku, kaa. Na ukiona wamemchukua Khufra, jua leo unatembea kwa miguu, maana akijikunja kuwa mpira, kila anayeruka mbele yake anadakwa. Minsitthar naye ni hivyohivyo, ndani ya duara la ulti yake hakuna kuruka. Siku wamewachukua hao wawili, mimi Hayabusa namwacha kwenye kabati.

Kingine: wakati mechi inafunguka, picha za wachezaji zinapotokea, usiende kuchota maji. Angalia nani ana Flicker (ya kuruka ghafla), nani ana Purify (ya kujifungua akikamatwa). MM mwenye Flicker akiitumia, ni kama dakika 2 mpaka aipate tena. Basi mara ya kwanza nenda ukamtishe tu aitumie, usitake kuua. Rudi msituni, lima (ua wanyama upate dhahabu), hesabu. Ukienda mara ya pili hana pa kukimbilia.

Vivuli. Vile vivuli unavitumia vyote kuingia, nina uhakika kabisa bila kukuona. Kimoja kiache nyuma ya ukuta au kichakani, usikiguse. Hicho ndicho nauli ya kurudi. Mtu hapandi kivuko kwenda Kamanga na nauli ya kwenda tu halafu anaanza kulia ng'ambo.

Simu: punguza ubora wa picha, funga programu nyingine, usicheze ikiwa kwenye chaji. Mimi napaka poda kidogo kwenye vidole gumba, ileile ya kupaka shingoni kwa wateja. Jasho ndilo lilikuwa linaniponza, kidole kinanata kwenye kioo nikitaka kulenga kushoto kinakwenda juu. Usicheke, jaribu.

Vifaa siviongelei sana. Viatu vya msituni, vya kuongeza nguvu ya kupiga, wakijaza ngao nunua Malefic Roar ya kuzipenya, mwishoni Immortality ya kukufufua. Watu wanabishana kuhusu vifaa kwa sababu ni rahisi kuliko kubadili tabia.

Na usicheze kazini. Kuna mwalimu mmoja nilimwacha na nusu kichwa tunagombea Lord, lile jitu la msituni. Nikabonyeza Retribution, ya kummalizia, nimechelewa kidogo tu, Lord wakamchukua wao, mnara ukaanguka, mwalimu akaondoka bila kulipa na hajarudi mpaka leo. Nikimwona njiani navuka barabara.

DadaWaNansio

Mwangaluka wote. Naomba na sisi wa mbele tusikilizwe, maana kwenye hizi mada asasini wanaongea wenyewe kwa wenyewe.

Mimi nacheza tanki, mara nyingi Tigreal. Nilianza na asasini, nikaacha kwa sababu ya mtandao. Huku Ukerewe mvua ikianza kujikusanya ziwani, ping (kuchelewa kwa mtandao) inapanda mpaka 200 na inakuwa nyekundu. Tanki anavumilia kuchelewa, ukichelewa nusu sekunde bado una damu. Hayabusa akichelewa nusu sekunde ameshazikwa. Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kuchagua shujaa angalia mtandao. Ukiwa mwekundu, hata uwe na vidole vya dhahabu, chukua mtu mwingine.

Kinyozi ameeleza vizuri ila ameruka jambo kubwa kuliko yote. Tanki wako yuko nyuma ya ukuta! Mnaishi nyumba moja, mnacheza timu moja, na mnatumiana matusi kwa maandishi. Gonga ukuta. Mwambie, "Nikigonga mara moja, anza."

Baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Hawatoki usiku wa mbalamwezi, wanasubiri giza. Wakifika wanawasha taa, wanakaa. Dagaa wanaanza kuja kwenye mwanga kidogokidogo, na hakuna anayegusa wavu mpaka wamejaa. Sasa tanki ndiye taa. Nikiingia mimi, wote watano wananigeukia, wanamaliza skili zao kwangu, na wanasahau kuna mtu kichakani. Hapo ndipo natafuta wavu, yaani ninyi asasini, na wavu naukuta umeshakufa sekunde nne zilizopita. Mnatuudhi sana, hamjui tu.

FundiSimuKirumba

Naheshimu wote hapo juu lakini ushauri wa kusubiri ni wa Mythic. Huyu yuko Epic. Ukimsubiri tanki wa Epic aanzishe vita utasubiri mpaka Lord aote mvi. Wengi wao hawaanzishi kitu, wanazunguka na MM kama mlinzi wa getini.

Asasini ana muda wake. Anapata ulti leveli ya 4, Turtle, mnyama mkubwa wa mwanzo, anatokea dakika ya 2, hapo ndipo unaanza kuitawala ramani. Ukilala mpaka kila mtu amenunua Immortality na Winter Crown, hata ufanye kombo safi namna gani, mtu anaganda kama samaki wa kiwandani, muda wako unaisha, anayeyuka, anakuua. Hayabusa wa dakika ya 20 ni mzee mwenye panga.

Dogo, tafuta wapotevu. Epic imejaa watu wanaokwenda pembeni peke yao kufuata wimbi moja la askari. Huyo hana tanki, hana mchawi, ulti yote ni yake kama alivyosema Kinyozi. Angalia ramani ndogo kila baada ya kumaliza mnyama mmoja msituni. Mimi nikiwa na mwanafunzi kwenye meza yangu ya kutengeneza simu namwambia hivyohivyo, jicho moja kwenye skrubu, jingine kwa mteja.

Na kama utamrudia Saber siku moja, washa ile sehemu ya kwenye mipangilio inayoonyesha sura za maadui pembeni uchague wa kumlenga. Bila hiyo, ulti ya Saber inamkamata tanki aliyesimama mbele, unamrusha juu kwa mbwembwe zote, anashuka salama, anakuangalia.

KinyoziMabatini

Fundi, hapo kwa wapotevu sikubishii. Nilichosema mimi ni vita vya watu wengi. Mtu aliye peke yake hasubiriwi.

Dada wa Nansio, hilo la kugonga ukuta ni aibu sikuliona.

NgoshaBuzuruga

Kwa hiyo hakuna anayemrudisha kwa Layla. Sawa.

DogoWaIgogo

Wabeja sana wote. Nimerudi na majibu, nimecheza mechi tatu jana usiku.

Ya kwanza nilifuata ya Fundi. Nimekula mchawi wao njia ya pembeni mara tatu kabla ya dakika ya 6, shuriken kwanza, ulti baadaye, hakubaki na tone. Nimemaliza na kuua 9, kufa 3. Tumeshinda. Kwa mara ya kwanza nikaona ile alama ya mchezaji bora iko kwangu.

Ya pili nilimgongea jamaa ukuta. Tatizo alikuwa hajaambiwa maana yake, akadhani nalalamika kwamba redio yake inapiga kelele, akaipunguza. Nikaingia peke yangu nikafa. Tumeshaelewana sasa, nikigonga mara moja anaanza, mara mbili turudi. Mama mwenye nyumba ameuliza asubuhi kama tuna panya.

Ya tatu ndio inayonisumbua. Walikuwa na Franco. Nikakaa kichakani nisubiri atupe ndoano. Hakutupa. Na mimi nikakaa. Akaendelea kukaa nayo, na mimi nikaendelea kukaa. Kuja kushtuka wameshabomoa minara miwili upande wa pili na jamaa anapiga ukuta kwa ngumi, siyo kwa ishara tuliyokubaliana. Kinyozi, nasubiri mpaka lini?

KinyoziMabatini

Hahaha, huyo Franco anajua kwamba unamwogopa, ndiyo maana haitupi. Ndoano iliyo mkononi imekufunga kuliko ambayo ingetupwa.

Kichakani hesabu mpaka kumi. Hujapata nafasi, ondoka, kalime msitu au nenda ukapunguze wimbi la askari upande ambao Franco hayupo. Atalazimika kukufuata au kuiacha njia, na akikufuata MM wake amebaki na nani? Ukiona sura ya Franco kwenye ramani yuko mbali na MM, gonga ukuta.

Au jionyeshe. Toka kichakani hatua mbili, rudi ndani. Wengi wa Epic wakiona mguu wa Hayabusa wanatupa kila kitu.

Mteja ameingia, anataka denge. Saa 3 usiku nitakuwa mtandaoni, njoo na huyo wa nyuma ya ukuta, na Dada wa Nansio kama mvua haijakaribia.