MREJESHO: Chapa ya kimono ya kutazama mwezi

Habari zenu wakuu. Mwezi wa sita niliomba msaada wa kuchora chapa (michoro ya kuchapishwa kwenye kitambaa) ya kimono, joho la Kijapani, ya kisasa kwa ajili ya tsukimi, desturi ya Wajapani ya kutazama mwezi usiku wa 15 wa mwezi wa 8 wa kalenda yao ya zamani. Asanteni sana, nimesoma kila jibu.

Aliyeniokoa ni dada aliyesema jora la kimono lina upana wa takriban sentimita 38 tu, tena halina mshono begani: kitambaa kilekile kinatoka mbele, kinapita begani, kinashuka mgongoni. Nilikuwa nimechora nyasi za susuki zote zikitazama juu, kumbe mgongoni zingekaa kichwa chini! Nikazigeuza, nusu juu nusu chini. Sungura anayetwanga mochi (keki za mchele), ambaye Wajapani husema anaonekana mwezini, nimempunguza, yamebaki masikio tu ndani ya mwezi. Hapo ndipo usasa ulipojitokeza, nami naupenda mno.

Kilichoshindikana ni mwezi mkubwa wa mgongoni. Mliniambia niuweke mbali na mshono wa kati, nikakaidi. Nusu mbili zimepishana kama sentimita moja na inaniuma kila nikiitazama. Buluu ya usiku nayo imetoka karibu nyeusi, kwa sababu sikuchapisha kipande cha majaribio kwanza.

Jora la pili limeshaanza, miezi ni midogo na haigusi mshono. Nalenga jusanya, usiku wa 13 wa mwezi wa 9 wa kalenda hiyo ya zamani, maana Wajapani hutazama mwezi tena.