Kibanja cha mkwe Mukono: mkopeshaji auze, mzee auze mwenyewe, au agawane na mwenye mailo?

ShambaMukono: Salaam wanajukwaa. Baba mkwe wangu ana kibanja Mukono, Uganda, yaani shamba analolikalia kama mpangaji, ekari tatu za kahawa na migomba, ndani ya mailo (ardhi yenye hati ya umiliki wa kudumu) ya mtu mwingine. Alikopa kwa mkopeshaji binafsi na kuandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwamba kibanja ndicho dhamana. Deni limemshinda, na mkopeshaji ameshaleta mnunuzi kukagua mipaka. Mwenye ardhi hana habari. Nalinganisha njia tatu: mkopeshaji auze yaishe, mzee auze mwenyewe kwa idhini, au amkatie mwenye ardhi sehemu, na mzee apewe hati ya inayobaki. Ipi haitamwacha mikono mitupu?

WakiliKijana: Ya kwanza ifute kabisa. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamruhusu mwenye kibanja kuuza, kugawa au kuweka rehani, ila kwa idhini ya maandishi ya mwenye ardhi. Bila idhini hiyo hakuna haki inayohama. Karatasi ya LC1 inathibitisha deni tu. Tena tangu marekebisho ya 2010, anayeuza bila kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua anatenda kosa: faini hadi shilingi 1,920,000 au kifungo hadi miaka 4, na kibanja kinarudi kwa mwenye ardhi. Mzee asitie saini chochote cha huyo mkopeshaji!

BintiTanga: Naomba kueleweshwa. Huku Tanzania ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Huyo mwenye ardhi katokea wapi hata aombwe ruhusa na mtu aliyepanda mibuni yake mwenyewe?

MzeeWaLuwero: Ni Mkataba wa Buganda wa 1900, binti yangu. Ardhi iligawiwa Kabaka (mfalme wa Buganda), jamaa zake na machifu kwa maili za mraba, na waliokuwa wakilima humo wakaamka wapangaji. Sheria ya 1928 ikadhibiti busuulu (kodi ya mwaka anayolipa mpangaji kwa mwenye ardhi) na kuzuia kufukuzwa ovyo, lakini hati ilibaki kwa mmoja na jasho kwa mwingine. Inauma mpaka leo.

Ndugu wa Mukono, mimi nasema njia ya pili. Kwanza mzee alipe busuulu na ashike risiti. Vijijini kiwango kilichotangazwa 2011 ni shilingi 5,000 kwa mwaka, na kutolipa ndiko kunakompa mwenye ardhi mlango wa kwenda mahakamani kumwondoa. Kisha aende kwa mwenye ardhi kwa adabu. Atadaiwa kanzu, yaani zawadi kwa mwenye ardhi ili atoe idhini; wengi hutaja asilimia 10 ya bei. Hilo huzungumzwa, mnapatana.

MamaMapacha: Sisi Wakiso tuligawana. Mwenye ardhi alichukua upande wote wa barabarani, tukabaki bondeni, ila hati ni yetu na hakuna wa kututishia. Kilichotuchelewesha ni kwamba tuliyezungumza naye alikuwa mjukuu. Hati ilikuwa bado kwa jina la babu marehemu. Kwa hiyo kabla ya kumwita mpima, nendeni ofisi ya ardhi mkachunguze hati ina jina la nani na kama imewekwa rehani benki.

WakiliKijana: Nakubaliana na mama. Kugawana ndiko bora kwa watoto, ila deni halisubiri mpima wala mirathi. Ningechanganya: aombe idhini ya kuuza ekari moja, alipe deni, kugawana kufuate bila presha. Swali moja: mama mkwe alisaini ile karatasi ya mkopo? Ardhi ya familia haiwekwi dhamana bila ridhaa ya mke.

ShambaMukono: Hakusaini. Hata hakuambiwa, na ndiye anayeipalilia hiyo kahawa.

WakiliKijana: Basi mwandikieni mkopeshaji leo, nakala kwa LC1 na kwa mwenye ardhi: deni mnalitambua na mtalilipa, mauzo hamyatambui. Huyo mnunuzi naye apewe nakala kabla hajatoa hela.