Naomba ushauri: mimba zinatoka mfululizo, tuanze kupima nini?
Habari zenu wapendwa. Niko Nkuhungu, Dodoma. Mimba zangu zinatoka mfululizo, zote kabla ya wiki ya 10. Kizazi, sukari na thairoidi viko sawa. Daktari kaandika kipimo cha antibodi za antifosfolipidi, zile zinazoweza kugandisha damu kwenye kondo. Ikitoka chanya inarudiwa baada ya wiki 12, na tiba ni aspirini dozi ndogo pamoja na sindano za heparini. Anataka pia tupimwe kromosomu (vibeba vinasaba) sote wawili. Mume kagoma, eti yeye haumwi. Mawifi wa Kondoa wanasema nimetupiwa jini (hao nimewaacha).

Waliopima kromosomu: hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma wanachukua sampuli, au mpaka Muhimbili, Dar? Bima inalipia? Na waume zenu mliwashawishije?