Mrejesho: sumaku ndani ya difu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa: niliuliza kama sumaku inasaidia kunasa chembe za chuma ndani ya difu ya nyuma ya gari (sanduku la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu), maana nilipomwaga oili niliikuta inametameta.

Nilifuata ushauri wa aina mbili. Kwanza nilifunga boliti ya kumwagia oili yenye sumaku. Pili, nikabandika kisumaku cha neodimiamu (aina yenye nguvu sana) kwa gundi ndani ya kifuniko cha difu. Hapa mlinionya kwamba gundi haiaminiki na nikajifanya mjuaji.

Juzi nimefungua tena. Boliti ilikuwa na tope jeusi laini kama grisi. Ukilisugua kwa vidole husikii chenga. Mlisema huo ni uchakavu wa kawaida wa gia, na kwamba niogope nikikuta vipande vyenye kona, vya jino au beringi. Sikukuta hata kimoja, nashukuru.

Kile kisumaku cha gundi? Kilibanduka! Bahati yangu kilinata kwenye ukuta wa chuma, mbali na gia. Kingeingia kati ya meno ningekuwa naomba ushauri mwingine leo. Nimekitoa, sirudii.

Mng'ao kwenye oili umepungua ila haujaisha. Aliyesema sumaku hainasi shaba wala aluminiamu huenda ndiye mwenye jibu. Mvumo wa difu nao uko palepale, kwa hiyo nitakagua beringi.

Asanteni sana, hasa uliyesisitiza niifute boliti kila nikibadilisha oili.