Ubao wa taa barabara ya Kasumbalesa unatutakia safari njema, mbele makamio yamelala gizani!

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi, na ninyi wote mnaoitumia barabara ya Kasumbalesa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Juzi alfajiri tulitoka Kampemba, hapa Lubumbashi, kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kununua unga: mimi, mke wangu, na mdogo wangu ndiye aliyeshika usukani. Jua lilikuwa halijatoka. Tukapita ule ubao mkubwa wa taa waliousimamisha kando ya barabara. Ulikuwa ukituandikia safari njema kwa Kifaransa, kisha ukageuka kuwa tangazo la biashara, kisha safari njema tena. Hatukufika mbali. Tulipomaliza mteremko, kamio, yaani lori, lenye shehena ya shaba lilikuwa limekufa katikati ya njia yetu. Taa hakuna, pembetatu hakuna. Shofa wake alikuwa amekata matawi ya miti akayatandaza kwenye lami, na matawi hayo ndiyo yaliyotuokoa. Mdogo wangu aliyaona akakanyaga breki, gari likayumba, likasimama kama mita mbili kutoka kwenye kile chuma. Mke wangu bado ana uvimbe kwenye paji la uso.

Nikamfuata shofa, mzee wa Kitanzania. Nikamwuliza, "Baba, hukumwambia mtu?" Akanijibu, "Mwanangu, tangu jana saa moja jioni nilimtuma utingo wangu peaje, pale kituo cha kulipia barabara. Wakaandika kwenye daftari."

Kwenye daftari! Hapo ndipo moyo wangu ulipochemka. Habari ilifika usiku ule ule. Watu wa zamu waliijua. Ubao ulikuwa na umeme, unawaka, na upo kabla ya hatari yenyewe. Kwa saa kumi hakuna aliyetoa habari kwenye daftari akaiweka pale juu: KAMIO LIMEHARIBIKA MBELE, PUNGUZA MWENDO. Maneno matano!

Ubao wa namna hii haukubuniwa kwa salamu. Uingereza, kwenye barabara ya M25 inayozunguka London, tangu mwaka 1995 mbao za taa zinabadilisha kikomo cha mwendo kulingana na msongamano. Vyombo vilivyowekwa barabarani vinahesabu magari na kupima kasi yake. Foleni ikianza kujikunja mbele, walio nyuma wanaambiwa wapunguze mapema, ili wasiifikie kwa kasi na kuligeuza kundi zima kuwa simama-nenda, simama-nenda. Ubao unamwambia shofa jambo ambalo macho yake hayajalifikia. Ukiacha hilo, hauna kazi nyingine barabarani.

Fanyeni hesabu wenyewe. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukianza kuusoma ubao ukiwa mita 200, una sekunde tisa tu kabla ya kuupita. Taa hafifu za gari za kawaida hazikuonyeshi kitu mpaka kiwe karibu sana, na gari dogo lenye breki nzuri linahitaji zaidi ya mita 50 kusimama kwa mwendo huo. Basi lililojaa au kamio lenye mzigo, sisemi. Ukizijaza sekunde zile tisa kwa tangazo, umemwibia shofa macho yake.

Najua wengine watasema waandike idadi ya waliokufa ili watu waogope. Msiombe hilo. Kule Texas, Marekani, walifanya hivyo kwa miaka, na mwaka 2022 watafiti wakachapisha matokeo kwenye jarida la Science: siku za kuonyesha idadi ya wafu, ajali ziliongezeka kwa karibu asilimia 4.5 kwenye kilomita 10 baada ya ubao. Habari nzito humvuruga mtu akili wakati anapaswa kuangalia mbele. Tunataka kujua kilichopo mbele, basi.

Tena isiwe Kifaransa peke yake. Barabara hii ina mashofa wa Zambia, wa Tanzania, wa Afrika Kusini. Wekeni alama ya pembetatu, mchoro wa kamio, idadi ya kilomita, na Kiswahili.

Na msinijie na sababu ya umeme. Kinshasa, tangu 2013, roboti za kuongoza magari za mhandisi wetu Thérèse Izay Kirongozi zilisimama njia panda zikitumia nguvu ya jua. Ubao mdogo wenye sahani za jua, juu ya trela ya magurudumu mawili, unaweza kuvutwa mpaka mahali kamio lilipokwama, au mkiani mwa foleni ya mpakani, ile inayofika kilomita nyingi na kubadilika kila siku.

Makamio haya hayabebi shaba tu. Yanabeba asidi. Mwezi wa Februari 2019, upande wa Tenke, kamio la asidi lilipata ajali na magari mengine, watu wapatao 20 wakafa, wengine wakiungua na ile asidi. Nani asiyekumbuka?

Tunalipa peaje kila tunapopita. Nataka mtu wa zamu mwenye ruhusa ya kubadilisha maandishi usiku bila kungoja saini ya mkubwa. Nataka namba ya simu iandikwe kwenye risiti ya peaje, shofa apige mwenyewe. Leo kundi la WhatsApp la mashofa linatuonya haraka kuliko ubao, lakini anayeendesha hatakiwi kushika simu.

Mwenye picha ya ubao huo ikiwa na saa na tarehe aiweke hapa chini. Nazikusanya, nitazipeleka mwenyewe kwa karatasi.

Na mnaotoka jioni ya leo: nimepigiwa simu sasa hivi, kamio bado lipo, chini ya mteremko, upande wa kulia ukitoka Lubumbashi. Matawi yameshasagwa na magurudumu. Pitani polepole.