Chapati ya nyumbani huitwaje katika maduka ya ughaibuni?

Ndugu zangu, salaam. Tangu nihamie huku Uingereza, kila ninaponunua pakiti iliyoandikwa chapati katika maduka ya Kihindi, ninakuta mikate myembamba, mikavu, isiyo na dalili ya mafuta. Je, wanaolikosea jina ni wao au ni sisi? Na niulizie nini ili nipate chapati kama za nyumbani?

—

Dada, salaam.

Hakuna anayekosea. Kwa Kihindi na Kiurdu, chapati ni mkate wa unga wa atta, yaani ngano iliyosagwa bila kukobolewa, uliokandwa kwa maji na pengine chumvi kidogo, kisha ukachomwa kwenye tawa pasipo mafuta. Jina lenyewe huhusishwa na neno chapat, lenye maana ya kofi, kwa kuwa donge hupigwapigwa baina ya viganja mpaka likawa bapa. Wagujarati huuita rotli. Unapofura juu ya moto hupewa jina la phulka, linalotokana na kitenzi cha kuvimba. Na roti ni jina la jumla, ambalo asili yake ni Kisanskriti.

Mkate unaosukumwa, ukapakwa mafuta, ukaviringwa, ukasukumwa tena ndipo ukakaangwa, wao huuita paratha, jina ambalo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni parat, yaani tabaka, lililounganishwa na atta. Hiyo, dada, ndiyo chapati yetu ya kusukuma. Jambo linalonishangaza ni kwamba kwingineko ng'ambo ya bahari jina la paratha lilisafiri pamoja na mkate wake: Mauritius husema farata, Myanmar palata, Singapore prata. Watu wa Trinidad waliongeza utani wao, wakauita mkate huo shati lililochanika, kwa sababu huuvurugavuruga ungali juu ya tawa hadi ukawa vipande. Afrika Mashariki peke yetu, naona, tuliushika mkate wa matabaka tukaubandika jina la ule mkavu, kisha tukalinyoosha jina hilo hadi kwenye chapati za maji, ambazo hazijui kiganja wala kifimbo, kwani uji wake humiminwa tu kwenye kikaango.

Kwa hiyo ulizia paratha, na usome pakiti vizuri, maana nyingi hujazwa viazi au mboga. Unayoitaka ni ile tupu, ambayo mara nyingi huwekwa kwenye friza. Ile inayoitwa lachha ina matabaka mengi zaidi kuliko tulivyozoea, lakini haitakuudhi. Ukiwa Leicester, jaribu kwanza kuuliza kwa Kiswahili, kwa sababu familia nyingi za Kihindi zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972 zilihamia huko, na si ajabu muuzaji akakuelewa mara moja.

Ukiamua kupika mwenyewe, mtego ni uleule: unga unaouzwa kwa jina la chapati aghalabu ni atta, ambao hunywa maji mengi na kutoa chapati nzito ya rangi ya kahawia. Chukua unga mweupe wa kawaida, au ule ambao Wahindi huuita maida, na uhakikishe si ule uliokwisha kuchanganywa na kiumushi kiwandani. Ukande kwa maji ya vuguvugu, na uuache donge lipumzike walau nusu saa kabla ya kulisukuma.